Mwanamke wa Saa Sita

Tiszakerek, 14 Mei 1909

Etelka wangu,

Nimefika mzima, isipokuwa mgongo, ambao gari la farasi la padri limeupanga upya. Nimepewa chumba nyuma ya jiko la nyumba ya kanisa. Padri Kelemen ni mtu mpole, anamwogopa kila anayepaza sauti. Mpishi wake, mjane aitwaye Orzse, alinipokea kwa supu ya samaki iliyojaa pilipili mpaka nikatokwa machozi, kisha akaniuliza, "Unalia nini, fundi? Bado hujauona ukuta."

Sasa nimeuona ukuta wa kanisa ninaotakiwa kuuchora. Ni mpana kuliko nilivyoambiwa, na padri hataki malaika hata mmoja. Anataka watu. Miaka ishirini na moja iliyopita, siku ya Kupalizwa Bikira Maria, kivuko kilipinduka hapa mtoni Tisza kikiwa kimejaa mahujaji. Wengi hawakupatikana. Picha zao hazipo. Nani alikuwa anawapiga picha wakulima? Basi niwachore wakitembea juu ya maji kuelekea ng'ambo, Bikira Maria akiwangoja, kila mmoja kwa sura yake, na jamaa zao waje kunieleza walivyokuwa.

Nao wanakuja. Wanakaa jikoni kwa Orzse, mimi na mkaa wangu na karatasi. Jana alikuja mama Zsófi, aliyepoteza mume.

"Pua yake ilikuwaje, mama?"

"Kubwa."

Nikachora.

"Ongeza."

Nikaongeza.

"Ongeza tu, fundi. Usimwonee haya, mwenyewe hakuionea."

Nilipomaliza aliitazama karatasi kitambo, akaivuta shali yake, akasema polepole, "Mlevi wangu huyu hapa." Akaondoka bila kuaga.

Sijawahi kufanya kazi ya namna hii. Huko Pest nachora mizabibu na vikapu vya maua kwenye dari za watu wanaokula wakitazama chini. Hapa kila uso una mwenyewe. Ukuta nimeufunika kwa turubai. Hakuna atakayeuona kabla ya sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo.

Niandikie. Chumba hiki kinanuka tope la mto hata dirisha likiwa limefungwa.

Vendel wako


Pest, 20 Mei 1909

Vendel,

Barua yako nimemsomea mama, akaacha kufuma. Anasema wafu hawaitwi mmoja mmoja hivyo, maana ukishawaita wanataka pa kukaa. Nikamwambia, "Mama, ni kazi ya kanisa." Akasema, "Kanisa linalala kwake. Anayelala nao ni mumeo."

Mimi nipo. Nachora vielelezo vya tarizi kwa wake za mawakili, maua ya tulipani juu ya tulipani, na yule mwanafunzi wa ghorofa ya juu amenunua tarumbeta. Ndiyo habari ya mjini.

Sasa nikuulize. Mpishi mjane, mama Zsófi mjane. Katika barua nzima wanaume ni padri mwoga na marehemu mwenye pua. Nimecheka, lakini nimeona. Sijaisahau dari ya ukumbi wa maigizo kule Arad, Vendel. Yule mungu wa kike wa masika nilimtambua kwa goti kabla sijafika usoni, na safu nzima ya mbele walimtambua pia. Tulilimaliza, najua. Nakukumbusha tu kwamba mkono wako haujui uongo. Kinachoonwa na jicho ndicho unachokichora, hata mdomo ukisema mengine.

Vaa soksi za sufu. Chokaa mbichi inaingia mifupani.

Etelka


Tiszakerek, 4 Juni 1909

Mke wangu,

Umenichoma, na nimestahili. Kwa hiyo nitakueleza jambo ambalo ningeweza kulinyamazia.

Kuna mwanamke anakuja. Kengele ya saa sita mchana ikilia, Gáspár anayenipakia lipu anakwenda kula, kijiji kizima kinaingia ndani, na huku nikila mkate na mafuta ya nguruwe juu ya jukwaa langu la kuchorea, ninamwona amekaa benchi la mbele, ndani ya turubai. Simsikii akiingia. Ni mtu wa makamo, nyusi zake zimekutana, mvi zimeanza kumtoka juu ya sikio. Hana viatu na sketi yake imelowa mpaka magotini. Nadhani ni mfuaji nguo, anapita hapa akitoka mtoni.

Siku ya kwanza nilimuuliza, "Umekuja kunieleza nani, dada?"

"Hakuna."

"Huna wako aliyezama?"

"Waliotakiwa kuja kueleza wote wameshakuja?" akaniuliza yeye.

"Karibu wote. Imebaki nafasi ya mtu mmoja, pale mbele."

Akaitazama ile nafasi. "Basi nitakaa," akasema.

Nikamchora. Unajua nilivyo: uso ukikaa kwenye mwanga mzuri siwezi kuuacha. Nilimchora juu ya lipu mbichi moja kwa moja, bila karatasi. Alikaa ameweka mikono mapajani, viganja juu, na viganja vyenyewe vimechanika vibaya, nyama inaonekana. Nikamwambia avifunge kitambaa. Akasema, "Vichore kwanza." Nikavichora.

Hakuna zaidi ya hayo. Hata jina sijamuuliza. Nimekuandikia ili usije ukalitambua goti lake na kuniuliza.

Vendel


Pest, 9 Juni 1909

Vendel,

Mwanamke asiye na jina anakuja wakati watu wote hawapo, anakaa nyuma ya pazia pamoja nawe, na wewe unamshughulikia viganja. Nashukuru kwa kunieleza. Ungeninyamazia ningelala vizuri zaidi.

Na kama ulitaka kunidanganya, ungeandika mahali pakavu. Barua yako imefika imelowa. Si bahasha, bahasha ilikuwa kavu. Karatasi ya ndani. Wino umetiririka pale ulipoandika habari zake tu, na inanuka tope. Mama aliishika kwa koleo la makaa akaiweka nje dirishani. Je, alikuwa amekaa karibu kiasi hicho ulipokuwa unaandika?

Nitakuja sikukuu ya Petro na Paulo. Mke wa fundi ana haki ya kuuona ukuta.

Etelka


Tiszakerek, 16 Juni 1909

Etelka,

Tafadhali usije. Najua utakavyolisoma neno hilo. Lisome hivyo hivyo, lakini usije.

Gáspár ameikagua kazi. Unajua lipu ya kuchorea inakauka kwa siku chache, ndipo rangi inashikwa ukutani. Akafika mbele ya msafara, pale nilipomchora yule mwanamke, akaweka kiganja.

"Fundi, hii uliiweka leo?"

"Wiki mbili zimepita. Uliiweka wewe."

Akanusa vidole vyake. "Mimi sikuchanganya mchanga wa mtoni," akasema, akashuka, na tangu hapo akiwa na kazi upande ule anaifanya huku amegeuza shingo.

Nimemuuliza Orzse kuhusu mfuaji nguo anayekuja saa sita. Alikuwa anachambua maharage, akacheka.

"Saa sita? Haji mtu saa sita. Mlango naufunga mwenyewe kwa nje, kuku wa padri wasiingie."

"Unanifungia mimi ndani?"

"Tangu ulipofika. Sijakusikia ukilalamika, nikajua unapenda kula kwa amani."

Nimeujaribu mlango, ni kweli. Hakuna mwingine. Dirisha liko juu kuliko mimi kwenye ngazi. Leo alikuwepo tena. Sikumsemesha. Nilipanda juu kabisa kwa Bikira Maria, nikapaka buluu juu ya buluu mpaka kengele ya saa saba.

Mimi si mgonjwa na sijanywa. Nikimaliza nitarudi. Kaa na mama.

Vendel


Pest, 27 Juni 1909

Vendel,

Nilikuja. Hukuniona kwa sababu sikuvuka.

Jana nilishuka stesheni ya ng'ambo nikateremka hadi kivukoni. Niliamua nikukute ghafla, siku tatu kabla ya sikukuu. Kofia yangu mpya ilikuwa kichwani na maneno mdomoni tayari. Kivuko kilikuwa upande wenu. Kengele ya kanisa lenu ikaanza kulia, nikaisikia vizuri juu ya maji, na mwanamke alikuwa amekaa kwenye tuta, miguu majini. Nyusi zimekutana. Mvi juu ya sikio. Nikamjua.

"Wewe ndiye unayekaa kanisani saa sita," nikamwambia.

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye Etelka."

"Unamtakia nini mume wangu?"

"Mume wako sina haja naye," akasema. Hakusema kwa dharau, alisema kama mtu aliyepewa chakula akiwa ameshiba. "Ninautaka ukuta."

Nilikuwa na maneno mengi, Vendel, nilikuwa nimeyapanga tangu Pest. Akaviinua viganja akanionyesha, na yale maneno yakanipotea. Damu ilikuwa inatiririka na maji yaliyokuwa chini yake hayakubadilika rangi.

Akasema, "Watamwambia aanze na mikono. Mwambie asiifute. Mdomo sina tena, nimebaki na mikono."

Nikageuza uso kutafuta kitambaa katika mkoba wangu, nilitaka kumfunga. Nilipogeuka tena tuta lilikuwa kavu. Kavu kabisa, hata pale alipokuwa ameweka sketi. Mvushaji alipofika akaniita nipande. Nikamtikisia kichwa. Nikarudi stesheni.

Sijui umechora nini. Lakini nimetumwa na nimefikisha: usiifute mikono.

Etelka


Tiszakerek, 3 Julai 1909

Etelka wangu,

Unasema ulizungumza naye kengele ikilia. Siku hiyo hiyo, kengele hiyo hiyo ikilia, alikuwa amekaa mbele yangu.

Nikueleze kwa mpango. Turubai lilipoanguka siku ya sikukuu, watu walianza kuitana: "Baba yule," "Muone Matyi wetu." Mama Zsófi aliiona pua akacheka huku analia. Kisha macho yakafika mbele ya msafara na sauti zikazimika, benchi baada ya benchi.

"Nani amekwambia umweke huyo?" aliuliza mkuu wa kijiji, Mzee Ambrus Vadas, mtu mkubwa mwenye masharubu, ambaye padri humpisha hata mlangoni pa kanisa.

"Mwenyewe," nikasema. 

Ndipo nikaambiwa, maana nyusi zile zilizokutana kila mtu alizijua. Jina lake Rozál, binti wa mvushaji wa zamani. Zamani zile kivuko kilivutwa kwa mikono, kwa kufuata kamba iliyofungwa toka ukingo mpaka ukingo. Baba yake alikuwa mgonjwa, kwa hiyo kamba aliishika yeye. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Wanasema katikati ya mto aliingiwa na hofu, akaiachia kamba ajiokoe, mkondo ukakipindua kivuko. Yeye naye hakuonekana tena. Majina ya waliokufa yanaposomwa kila mwaka, lake halisomwi. Mama yake anaishi kibanda cha mwisho karibu na tuta, na tangu mwaka ule hajakanyaga kanisani.

"Umtoe," akasema Mzee Ambrus. "Anza na hiyo mikono."

Padri Kelemen aliinamisha kichwa. Basi Alhamisi nikapanda na patasi, wao wakakaa chini kuhakikisha. Nikapiga mara moja. Patasi haikulia, Etelka. Ilizama kama kisu kwenye siagi, na maji yakatoka, maji ya kahawia, yakanitiririkia hadi kwenye kiwiko. Wakati huo Orzse aliingia na barua yako. Niliifungua pale juu ili tu mkono wangu upate kazi nyingine. Nilipofika mahali alipokuambia kuhusu mikono, nikajikuta naisoma kwa sauti.

 Kisha mama Zsófi akainuka, akaja mpaka chini ya jukwaa, akaitazama ile mikono.

"Mimi nimevuta kamba ya kisima maisha yangu yote," akasema. "Kamba ukiiachia, inakwenda zake na viganja vinabaki vizima. Viganja vinachanika kwa kung'ang'ania." Akageuka. "Ambrus, ni wewe uliyetuambia aliiachia. Sisi wengine tuliookoka tulikuwa chini ya maji. Wewe ulikuwa wapi?"

Mzee Ambrus alikaa. Alikaa sakafuni, si kwenye benchi.

"Alinikataza kupandisha gari langu na farasi," akasema. "Alisema kivuko kimejaa. Nikamwambia mtoto wa kike hatanifundisha mto. Tulipofika katikati farasi walishtuka, wakajinasa kwenye kamba. Walikuwa wananyongwa."

"Ukafanyaje?"

"Nikaikata."

Padri akajishika kwenye nguzo. Mama Zsófi hakusogea.

"Yeye alidaka ncha iliyobaki," akasema Mzee Ambrus. "Alijizungushia mikononi. Nilimwona. Sisi wote tumeshaingia majini na yeye bado anavuta."

"Na farasi?" akauliza mtu kutoka nyuma.

"Waliogelea," akasema. "Nami nilishika mkia."

Watu walitoka bila kusukumana. Yeye wakamwacha pale pale. Jioni wanawe walikuja kumchukua.

Nimelikandika shimo la patasi. Liko upande wa sketi, mikono sikuigusa.

Vendel


Pest, 7 Julai 1909

Vendel,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na mama amesimama nyuma yangu, wala hakuchukua koleo.

Kuna kitu kimoja hakikai sawa. Umeandika alikufa akiwa na miaka kumi na tisa. Niliyezungumza naye kwenye tuta amenizidi umri mimi. Ana mvi, Vendel, nimeziona kama ninavyoziona za kwangu. Wewe pia ulinieleza mtu wa makamo, na mkono wako najua ulivyo. Ni nani basi tuliyemwona?

Nenda kwa mama yake. Usimtume padri, nenda mwenyewe.

Na unisamehe. Si kwa Arad, Arad uliyastahili yote. Kwa haya ya sasa.

Etelka


Tiszakerek, 12 Julai 1909

Etelka,

Nilikwenda. Anaitwa mama Borcsa. Nilimkuta mlangoni akikatakata tambi za unga kwa kisu kidogo, wala hakuinua kichwa.

"Wewe ndiye fundi. Wenzangu wote walikuja kwako kukueleza. Wewe umekuja kunieleza mimi?"

"Nimekuja kukuomba uje uone, mama."

"Miaka yote hii walipopita hapa walikuwa wanatazama mto wasinione. Juzi wameniletea mayai." Akaelekeza kisu kwa mbwa aliyelala kivulini. "Amekula yote. Tumbo linamuuma."

Akajifuta mikono kwa aproni, akaja akiwa ameivaa hivyo hivyo.

Kanisani walikuwepo wanawake wachache, wakasimama. Aliwapita. Akafika chini ya ukuta akamtazama usoni.

"Hakuwa hivi," akasema.

"Nimekosea, mama?"

"Alikuwa mtoto. Mashavu yake yalikuwa ya mviringo, na nywele nyeusi tii. Huyu ni mtu mzima."

"Ndivyo nilivyomwona."

Akasogea, akaweka kidole ukutani juu ya sikio. "Mvi zimemwanzia hapa. Mimi pia zilinianzia hapa, na mama yangu hivyo hivyo." Akacheka, Etelka, kicheko kidogo kama cha mtu aliyekuta kitu mfukoni. "Kumbe amekua. Kila nilipomwokea keki ya siku yake ya kuzaliwa nilikuwa najiuliza sasa angekuwaje. Nilijua nitakufa sijajua."

Nilitaka kumpa benchi, hakulitaka. Alikuwa ameshashuka kwa macho mpaka miguuni.

"Mbona hana viatu?"

"Hakuna mwenye viatu, mama. Wanatembea juu ya maji."

"Hao wengine waache. Huyu mpe viatu. Amelowa vya kutosha."

Ningemwambia kwamba ukuta wa namna hii ukikauka haubadiliki. Lakini niliugusa pale chini, na ulikuwa mbichi kama siku ya kwanza. Basi nikapanda ubao wa chini nikachanganya nyeusi, yeye amenishikia chungu cha rangi.

"Upanue. Mguu wake ni mpana. Zaidi kidogo, vidole visibanwe."

"Niweke vyekundu, vya sherehe?"

"Vya kazi. Vya ngoma atakwenda kununua mwenyewe akitaka."

Kengele ya saa sita ilitukuta bado tunahangaika na kisigino cha kushoto. Nilitazama benchi la mbele. Hakukuwa na mtu. Mama Borcsa hakutazama, yeye alikuwa anakagua kamba za viatu.

Nilipoweka brashi chini alirudi nyuma hatua kadhaa, akavikagua vile viatu kama anayevinunua, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, si kwangu, na si kwa sauti ya kanisani bali ya jikoni, "Haya, shuka sasa. Tambi zinakauka."

Akageuka akaenda zake. Hakutazama nyuma, na mlango aliuacha wazi, kama unavyoachiwa mlango na mtu anayejua unamfuata.

Orzse alitaka kwenda kuufunga, kuku wasiingie. Nikamshika mkono. Tukangoja kidogo.

Nitafika Alhamisi.

Vendel wako